Sala Fupi kwa Akili Isiyotulia

Saa nane usiku umeamka na usingizi umeruka. Mtoto hajalia, mbwa hawabweki, ila kichwani kumeshakucha. Ada ya muhula ujao, neno alilokuambia bosi Ijumaa, mkopo wa simu unaotakiwa kulipwa kesho, mdogo wako ambaye hajapokea simu tangu asubuhi. Unageukia upande wa pili, mawazo nayo yanageuka. Asubuhi unapiga magoti usali, na kabla hujafika katikati ya Baba Yetu umeshafika sokoni, umebishana na mwenye nyumba, na umerudi hukumbuki ulikuwa umeishia wapi. Wakristo wengi hulisimulia jambo hili kwa aibu, kana kwamba ni ushahidi kuwa imani yao imepoa. Wapo walioacha kabisa kusali wakiwa peke yao. Wanasali kanisani tu, ambako sauti za wengine zinawabeba.

Aibu hiyo iwekwe chini kwanza. Akili kutangatanga si dhambi wala si imani haba. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha katika jarida la Science utafiti walioufanya kwa kutumia simu za mkononi. Simu iliwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati wasizozitarajia, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, watu walikuwa wakiwaza jambo tofauti na lile walilokuwa wakilifanya. Na akili ilipokuwa mbali, furaha ilipungua, hata kwa mtu aliyekuwa kwenye kazi asiyoipenda. Kwa hiyo ukikuta nusu ya sala yako imepotelea njiani, wewe ni binadamu kama wengine.

Mababa wa jangwani walilijua hili karne kumi na sita zilizopita, bila simu. Evagri wa Ponto, aliyeishi kama mmonaki katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliandika habari za mawazo manane yanayomsumbua mtu anayekaa peke yake: ulafi, uzinzi, tamaa ya mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. Huo uchovu wa roho aliueleza kwa undani mpaka unaweza kudhani alichungulia ofisini kwako. Unamjia mmonaki kati ya saa nne na saa nane mchana, kwa hesabu ileile ya saa tunayoitumia sisi. Jua linaonekana halisogei. Anachungulia dirishani tena na tena, anatoka nje kutazama kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anaanza kuichukia kazi yake, kuwalaumu wenzake, kukumbuka nyumbani, kuwaza kwamba mahali pengine maisha yangekuwa mepesi. Weka simu mahali pa dirisha na utaona kwamba ni sisi hasa.

Nayataja haya kwa sababu Mkristo wa leo akitafuta utulivu wa akili hudhani lazima aende mbali kuutafuta, kwenye dini za watu wengine au kwenye kozi za kulipia. Urithi huo uko nyumbani kwake. Ulichimbwa Misri, na miongoni mwa wachimbaji wake walikuwemo watu kama Musa Mwethiopia, aliyekuwa jambazi kabla ya kuwa mmoja wa wazee walioheshimiwa sana katika jangwa la Sketi. Kijana aliyemwendea kuomba ushauri alijibiwa arudi akakae chumbani mwake, kwani chumba kitamfundisha yote. Ni Waafrika kwa kuzaliwa au kwa makazi hawa, na shule yao ndiyo iliyolisha Ukristo wote uliofuata, wa Mashariki na wa Magharibi.

Kabla ya sala yenyewe, fungua 1 Wafalme, sura ya 19. Eliya amekimbia, amechoka, amekata tamaa mpaka anaomba afe. Tunapenda kuruka haraka tufike kwenye ile sauti ndogo ya utulivu mlimani Horebu. Lakini tazama kilichotangulia. Alilala chini ya mti. Malaika akamwamsha, akampa mkate na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ndipo akatembea siku arobaini, na ndipo akasikia. Malaika hakumhubiria. Alimpikia.

Basi mwili utangulie. Kama unalala saa nne kwa usiku mmoja, unakunywa chai ya rangi mpaka usiku wa manane na simu iko chini ya mto ikitetema, usitegemee sala ikutulize kwa nguvu peke yake. Simu ilale chumba kingine, au ikae kabatini ikiwa imezimwa sauti. Kama unahitaji kengele ya kuamka, saa ndogo ya mezani haina makundi ya WhatsApp. Kula chakula cha jioni kabla hujachoka kupita kiasi. Tembea kwa miguu japo vituo viwili vya daladala. Mtu atasema haya si mambo ya kiroho. Yamo kwenye Biblia, na yameletwa na malaika.

Sasa sala. Katika njia zote za Kikristo za kutuliza akili, ninayoiona inafaa zaidi kwa mtu mwenye shughuli nyingi ni ile aliyoiandika Yohane Kasiano. Huyu aliishi miaka mingi kati ya wamonaki wa Misri, kisha karibu mwaka 415 akaanzisha monasteri huko Marseille, Ufaransa ya leo. Katika kitabu chake cha mazungumzo na wazee wa jangwani, mazungumzo ya kumi, Abba Isaka anamfundisha siri waliyoirithi: chukua mstari mmoja tu wa Maandiko, mfupi, uurudie mchana na usiku, ukiwa na njaa au umeshiba, ukijaribiwa au ukifurahi, mpaka unalala nao na kuamka nao. Mstari aliouchagua ni Zaburi 70, aya ya kwanza, unaomwomba Mungu aje hima kusaidia. Mpaka leo mapadri na watawa huanza karibu kila kipindi cha Sala ya Kanisa kwa mstari huo.

Kwa nini mfupi? Kwa sababu akili yenye fujo haiwezi kubeba sala ndefu. Ukiipa maneno mengi, itayageuza maneno hayo kuwa mawazo mapya: nimeombea nani, nimesahau nani, nimesema vizuri? Maneno machache yanaizuilia njia. Mwingereza asiyejulikana jina aliyeandika kitabu cha Wingu la Kutojua katika karne ya 14 alishauri hata neno moja lenye silabi moja. Wakristo wa Mashariki walishika jina la Yesu pamoja na ombi la huruma. Yohane Main, mmonaki Mbenedikto aliyefariki mwaka 1982, alifundisha neno la Kiaramu, Maranatha, linalopatikana katika 1 Wakorintho 16:22. Wewe chagua lako: “Baba, nipo”, au “Yesu, nihurumie”, au ule mstari wa Zaburi. Ukishachagua, usibadilishe kila wiki. Neno linatakiwa lizoeleke mpaka lije lenyewe.

Kaa kwenye kiti au kigoda, mgongo umenyooka bila kukakamaa, nyayo zigusane na sakafu, mikono mapajani. Fumba macho au yatazame chini. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, ukisema nusu ya sala moyoni. Toa pumzi, kwa urefu zaidi kuliko ulivyoivuta, ukisema nusu ya pili. Dakika 10 zinatosha kuanzia. Mapadri Watrapisti wa Spencer, Massachusetts, akiwemo Thomas Keating, ambao miaka ya 1970 waliitengenezea njia hii utaratibu mwepesi kwa walei, walipendekeza dakika 20 mara mbili kwa siku. Utafika huko kama ukitaka. Asubuhi kabla nyumba haijaamka ni bora kuliko usiku, maana usiku utasinzia.

Habari ya pumzi isikutishe. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapwa mwaka 1548, ameweka namna ya tatu ya kusali ambayo ndiyo hii: neno moja la Baba Yetu kwa kila pumzi, na kati ya pumzi na pumzi unalitafakari neno hilo au unamtazama unayesema naye. Tena kuna ushahidi wa hospitali. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Mwitalia Luciano Bernardi. Watu wazima 23 wenye afya walisali Salamu Maria kwa Kilatini, nusu ikisemwa na mmoja na nusu ikijibiwa na mwingine, jinsi tunavyosali Rozari katika jumuiya. Upumuaji wao ulishuka ukawa karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu vikaingia katika mwendo mmoja wa afya. Salamu Maria moja ilikuwa inachukua kama sekunde kumi.

Sekunde kumi! Hebu pima Rozari yetu ya jioni. Kiongozi hajamaliza nusu yake, waitikiaji wameshaanza. Waitikiaji hawajamaliza, kiongozi ameshadaka nyingine. Tunakimbia kama tunafukuzwa, kisha tunashangaa kwa nini tunainuka tukiwa na moyo uleule tuliopiga nao magoti. Kama wewe ni mwenyekiti wa jumuiya, jaribu wiki hii jambo moja tu: acha pumzi moja kati ya nusu na nusu. Kama muda hautoshi mafumbo matano, sali mawili. Hayo mawili yatafika.

Narudi kwenye kiti chako. Ndani ya dakika moja utakuwa umeondoka. Utajikuta unapanga bajeti, unamjibu yule bosi. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na hapa ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine pote: kugundua kwamba umeondoka, na kurudi, ndiyo sala yenyewe. Si kizuizi cha sala. Ukirudi mara hamsini katika dakika kumi, umemchagua Mungu mara hamsini. Aliyekaa dakika kumi bila wazo lolote amepewa zawadi, amshukuru Mungu, lakini hakufanya kazi kubwa kuliko wewe.

Namna ya kurudi ina uzito wake. Usijipige, usijitukane, usikunje uso. Irudishe akili kama unavyomshika mkono mtoto wa miaka miwili aliyeelekea barabarani: haraka, kwa upole, bila kofi, kwa sababu kofi litaleta kilio na kilio kitachukua muda mrefu kuliko kosa. Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, aliyechapisha kitabu cha ibada kwa ajili ya walei mwaka 1609, alisisitiza sana upole huu kwa nafsi yako mwenyewe. Alijua kuwa hasira dhidi ya udhaifu wetu mara nyingi ni kiburi kilichovaa toba.

Wazo linalorudi mara kwa mara lipewe jina. Huu ni ushauri wa Evagri, na ndio huohuo wanaoutoa walimu wa mazoezi ya uzingativu (mindfulness) hospitalini leo. Sema moyoni: hii ni hofu ya fedha. Hii ni hasira. Huku ni kutaka sifa. Ukishalitaja, limepungua ukubwa. Unalitazama badala ya kuburutwa nalo. Evagri alikwenda mbele zaidi. Aliandaa kitabu chenye mamia ya mistari ya Biblia, kila mstari ukiwa jibu la wazo fulani, akifuata mfano wa Yesu aliyemjibu mjaribu kwa Maandiko jangwani. Unaweza kutengeneza chako kwenye daftari la kurasa 40: upande mmoja mawazo matatu yanayokuamsha usiku, upande wa pili mstari mmoja kwa kila wazo. Ukiamka saa nane, usianze kutafuta. Jibu liko tayari.

Najua wapo wanaosoma huku wakiwa na wasiwasi. Je, uzingativu si Ubudha uliovikwa koti? Je, mtu akinyamaza na kutuliza akili, hafungui mlango kwa roho chafu? Maswali haya yanaulizwa kwa nia njema na yanastahili jibu la kweli. Ni kweli kwamba Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya uzingativu ya wiki nane kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliyatoa mazoezi hayo katika mapokeo ya Kibudha, akayaondolea ibada ili yafae kwa mgonjwa wa dini yoyote. Alianzia na watu wenye maumivu sugu waliokosa nafuu kwingine. Programu zilizotokana na kazi hiyo zinatumika hata katika kuzuia sonona isirudi kwa watu walioiugua mara kadhaa. Hospitali yake ilikuwa Worcester, si mbali na ile monasteri ya Watrapisti ya Spencer. Katika muongo mmoja, katika wilaya moja, madaktari na wamonaki walikuwa wakitafuta dawa ya ugonjwa mmoja.

Yohane Main naye alianza kutafakari kwa neno moja alipokuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya, akifundishwa na Mhindu. Alipoingia utawani aliambiwa aache, akaacha. Miaka mingi baadaye akasoma yale mazungumzo ya kumi ya Kasiano, akatambua kuwa alichokwenda kukipokea kwa wengine kilikuwa katika maktaba ya mama yake mwenyewe, Kanisa.

Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa barua juu ya jambo hili. Haikusema mbinu za wengine zitupwe zote kwa kuwa si za Kikristo. Ilisema tunaweza kuchukua lenye kufaa mradi sala ibaki kuwa mazungumzo ya mtu na Mungu. Ikaonya pia kwamba utulivu wa mwili na hisia tamu visidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Maonyo hayo mawili yananitosha. Uzingativu wa hospitali unakufundisha kuona kinachopita ndani yako. Taamuli ya Kikristo inakufundisha kukiona ukiwa mbele ya Mtu anayekupenda. Akili haiachwi tupu. Imeelekezwa, na jina la Yesu limo ndani yake. Mlokole anayehofu chumba kitupu asihofu chumba ambamo mwenyewe amemkaribisha Bwana kwa kila pumzi.

Mahali? Yesu alisema uingie chumbani ufunge mlango, lakini najua nyumba za chumba kimoja na watu sita. Kona ya kitanda yatosha. Kiti cha nyuma ya nyumba. Kanisa la parokia saa sita mchana, likiwa wazi na halina mtu. Na kelele zisikushinde: usipigane na redio ya jirani. Isikie, iache ipite, rudi kwenye neno. Ukisubiri mtaa unyamaze hutasali mpaka uzee.

Mchana, neno lilelile likufuate kazini. Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alikuwa mpishi wa watawa na baadaye fundi wa viatu vyao, na alisema hakuona tofauti kubwa kati ya saa ya sala na saa ya masufuria. Osha vyombo ukisikia maji mikononi na neno moyoni. Foleni ya benki, kituo cha basi, mlango wa ofisi ya yule bosi: pumzi tatu na neno lako, kisha ingia. Wengi wataona tunda la dakika kumi za asubuhi hapo mlangoni kabla ya kuliona kitini.

Kuna mambo ambayo njia hii haiyafanyi. Haikulipii deni. Ukiwa na deni, keti na mwenzi wako muandike karatasi, mzungumze na mdai. Sala itakupa kichwa kilichopoa cha kufanya hivyo. Na kuna mtu ambaye kimya kinamwumiza. Aliyepitia ubakaji, vita, kipigo au msiba wa ghafla, akifumba macho, anaweza kukutana na picha asizoweza kuzibeba peke yake. Kama ni wewe, acha macho wazi, sali kwa sauti, sali ukitembea, sali na mtu unayemwamini, na mawimbi yakizidi simama uache. Huko si kukosa imani.

Tena, kama kwa zaidi ya wiki mbili huna hamu ya chochote, usingizi na chakula vimeharibika, au unapata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali, na kama mawazo hayo yapo, nenda leo. Mwambie daktari yote. Ukipewa dawa, zitumie, na yeyote anayekuambia uziache kwa kuwa umeombewa, usimsikilize, hata akiwa amesimama madhabahuni. Mungu aliyemtuma malaika na mkate ndiye aliyewapa madaktari akili.

La mwisho nawaelekeza wanaotuongoza. Taratibu za Misale ya Roma zinataka kimya baada ya masomo, baada ya mahubiri na baada ya Komunyo. Makanisa mengine nayo yana nafasi zao za utulivu katika ibada. Tumezijaza zote kwa kinanda, matangazo na kwaya ya pili. Waumini hawataweza kunyamaza nyumbani kama hawajawahi kunyamazishwa kanisani. Padri, mchungaji, mzee wa kanisa: Jumapili hii zimeni vipaza sauti kwa dakika tatu, mwaambie watu wachague neno, nanyi mkae pamoja nao.